Nani Kachinja?

Niseme mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele: mama mkwe wangu nampenda. Nampenda sana akiwa kwake Tukuyu. Akiwa Tukuyu tunaongea kwenye simu, ananiombea, anauliza mjukuu ameota meno mangapi, tunaagana vizuri kama watu wenye akili zao. Shida inaanza akishuka kwenye basi.

Krismasi iliyopita alishuka Mtwara siku tatu kabla ya sikukuu, miguu imevimba kwa safari ya siku mbili, na mzigo wa mtu anayehama: mchele wa Kyela nusu gunia, mkungu wa ndizi, na kisu. Kisu chenyewe alikizungushia kitambaa cha kichwa akakiweka kwenye mkoba pamoja na Biblia. Anasema visu vya mjini havikati, vinakwaruza. Nilikiona siku ileile nikacheka. Ningejua ningekitumbukiza chooni.

Tunakaa pembezoni mwa mji, njia ya kwenda Naliendele, nyumba ya kupanga yenye ua wa makuti nyuma. Mtaani kwetu Wakristo ni sisi na mwalimu mmoja kutoka Mara, ambaye shule ikifungwa tu humwoni mpaka Januari. Wengine wote ni Waislamu, wengi wana mikorosho na mihogo huko Ziwani na Madimba. Kwa hiyo Krismasi ya kwetu haina kelele. Asubuhi muuza maandazi anapita na ndoo yake kama jana, fundi cherehani kafungua, na mtu anakuuliza kwa nini mtoto kavaa gauni la sherehe siku ya Alhamisi. Sijawahi kulalamikia ukimya huo. Nimekulia Njombe, watoto saba nyumba moja, Krismasi kwetu ilikuwa vita vya kugombea mapaja ya kuku. Ukimya ndio niliokuwa nautaka.

Nyumba ya pili kutoka yetu anakaa Bibi na mumewe. Si bibi yangu wa damu, mtaa mzima unamwita hivyo, na mumewe tunamwita Babu. Bibi ni Mmakonde. Anasema ntoto, anasema nchele, na ukimcheka anakukumbusha kwamba wewe mwanamke mzima hujui hata kukaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Inabidi nieleze alichonifanyia, la sivyo hasira yangu yote itaonekana ya bure. Binti yangu alizaliwa Oktoba, mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia. Mume wangu anafanya kazi bandarini, na Oktoba ndiyo korosho zinaanza kumiminika, meli juu ya meli, zamu juu ya zamu. Mama yangu alikuwa mgonjwa Njombe. Mama mkwe alisema atakuja akimaliza kupanda mahindi. Nikarudi kutoka hospitali na mtoto kwenye khanga, sijui hata shingo yake naishikaje. Bibi aliingia bila hodi. Akawasha moto, akachemsha maji. Siku arobaini alikuja asubuhi na jioni. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikamtukana, akaendelea kukanda. Alinipikia uji wa pilipili manga. Mtoto alimwogeshea juu ya miguu yake mwenyewe, kainyoosha sakafuni kama reli. Siku ya arobaini akaniambia, "Haya, sasa we n'tu nzima, kamwogeshe mwenyewe." Akachukua jembe lake akaenda shamba. Hakutaka hata soda.

Krismasi ile, mtoto akiwa na miezi miwili, nikasema nitamshukuru. Nikapika pilau ya jogoo, mume wangu kachinja mwenyewe pale nyuma ya choo, nikapakua sinia limejaa, nikafunika na kawa, nikapeleka. Jioni sinia lilirudi limeoshwa, lina embe sita. Bibi akasema, "Tumekula, tumeshukuru, Mungu akuzidishie." Nikalala nimenenepa kwa raha.

Asubuhi nilienda kumwaga majivu jalalani. Kuku wa Bibi wamezunguka kitu, wanadonoa kama wamealikwa harusi. Ilikuwa pilau yangu. Na pembeni, paka wao kakaa ametulia, ana paja la jogoo wangu.

Nilinuna wiki nzima. Nilijiambia Wamakonde wana dharau, nilijiambia mengi ambayo leo nayaonea aibu. Mwisho nikamwaga kwa dada anayeuza nyanya gengeni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwani nani kachinja?"

"Mume wangu."

Akanitazama. Sikuelewa. Akaendelea kunitazama mpaka nikaelewa, nikiwa nimeshika nyanya kama mjinga. Nilikuwa najua! Kwenye harusi zetu Njombe huwa tunamtafuta Mwislamu, hata kama ni mmoja tu kijiji kizima, ili achinje yeye na kila mgeni ale. Lakini hiyo ni harusi. Nyumbani kuku anachinjwa na yeyote aliyeshika kisu. Haikunijia kichwani hata kidogo. Nimemaliza kidato cha nne, nina cheti, na hilo halikunijia.

Kilichoniuma ni adabu yao. Hawakurudisha chakula. Hawakusema neno. Walipokea kwa mikono miwili, wakanipa maembe, wakasubiri giza ndipo wakamwaga. Kisha ikaja Idi ya mfungo, sinia la Bibi likaja kwangu. Ikaja Idi ya kuchinja, sinia likaja tena, nyama ya mbuzi imelainika mpaka unaila kwa mdomo mtupu. Nilikula, na kila tonge nilimwona yule paka.

Kwa hiyo Krismasi hii nilikuwa na jambo moja tu. Sinia litoke kwangu, liingie kwa Bibi, na Bibi ale. Basi.

Nikajipanga kama mtu anayeoza binti. Majogoo watatu nilinunua Ziwani mapema, nikawafunga jikoni nikawalisha chenga za mchele. Nikamwomba Babu aje achinje tarehe ishirini na nne baada ya swala ya alasiri. Babu akafurahi, akasema kisu atakinoa mwenyewe. Na Bibi aliposikia akaniambia maneno yaliyonifanya nishindwe kulala: "Basi siku hiyo mie sipiki. Jiko langu lipumzike. Nasubiri kwako."

Mama mkwe nilimwambia siku aliyofika. Nikamwambia tena kesho yake. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne, nimeshika kikapu naenda sokoni kutafuta viungo, nikamwambia mara ya tatu.

"Mama, hawa majogoo naomba usiwaguse. Babu wa jirani ndiye atakayechinja, jioni."

"Sawa, mwanangu."

Sasa hiyo "sawa" ya mama mkwe wangu nilikuwa bado sijaisoma vizuri. Mimi nilidhani maana yake ni nimekubali. Maana yake ni nimekusikia ukiongea.

Nilirudi saa nane na jua limenichoma mpaka kwenye meno. Kitu cha kwanza nilichokiona ni binti yangu, amekaa katikati ya ua, ana unyoya mdomoni. Manyoya yalikuwa kila mahali. Jikoni sufuria langu kubwa linatokota, na mama mkwe kaketi kwenye kigoda, uso umetulia, anafuta kile kisu chake.

"Nimekusaidia," akasema.

"Mama. Tulisemaje?"

"Ulisema huyo mzee anakuja saa kumi. Kuku wa kienyeji akichinjwa saa kumi ataiva saa ngapi? Na wewe una mtoto. Nikaona nikupunguzie."

"Wote watatu?"

"Mmoja ningemwacha wa nini, alie peke yake?"

Nilikaa chini kwenye manyoya. Nikamweleza upya, pole pole, kama ninavyomweleza mtoto kwamba moto unaunguza. Kwamba jirani hawezi kula nyama ambayo hakuichinja Mwislamu. Kwamba mwaka jana ilimwagwa. Kwamba Bibi huyu ndiye aliyemwogesha mjukuu wake.

"Nimechinja kwa jina la Mungu," akasema. "Niliomba kwanza, mtoto shahidi. Mungu ni mmoja au wako wawili?"

"Mungu mmoja, Mama. Mchinjaji ndiye nilisema awe mwingine."

"Sasa kuku ana muhuri? Ukishamkatakata ukamtia kwenye mchele, nani atajua? Wewe peleka."

Nikampigia mume wangu. Nyuma yake mashine zinanguruma, watu wanapiga kelele, anajibu kwa haraka ya mtu anayetaka kukata.

"Mama amechinja majogoo," nikamwambia.

"Vizuri. Amepumzika lakini?"

"Hujanielewa. Wote. Kabla ya Babu."

"Aah. Wewe peleka tu kimya kimya, mke wangu. Kuku ni kuku. Mbona unakuza mambo?"

Nikakata mimi. Huyu ndiye aliyechinja wa kwanza, yule aliyeliwa na paka, na hata siku moja hakuuliza ilikuwaje. Angeuliza nini? Zile siku arobaini yeye alikuwa anarudi nyumbani anakuta mtoto ameoga.

Na nitasema ukweli, kwa sababu nikiuficha hapa sina haja ya kuandika: nilifikiria kupeleka. Nilichukua ungo wa mchele wa Kyela nikaanza kuchambua, na kwa muda wa ungo ule mmoja nilifikiria. Kuku ameiva, ananukia. Bibi hatauliza, kwa sababu anajua Babu ndiye mchinjaji. Babu nitamwambia majogoo wamekufa kwa kideri, kuku nimenunua mwingine sokoni kachinjwa palepale na watu wao. Uongo mzuri kabisa, hauna hata tundu. Bibi angekula mbele yangu na kulamba vidole. Na mimi ningemtazama akilamba vidole. Pale ndipo ungo uliponishinda, nikaumwaga mchele pamoja na mawe yake.

Nilikuwa bado naokota mchele nilipomsikia Babu mlangoni.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Babu alikuwa amevaa kanzu safi, ameipandisha mpaka magotini ili isichafuke damu, kofia kichwani, na kisu mkononi kimefungwa gazeti. Anatabasamu.

"Karibu Babu. Shikamoo."

"Marahaba, mama ntoto. Haya, wako wapi waheshimiwa? Kisu leo kinanyoa ndevu."

Upepo ulileta unyoya mmoja, ukaja taratibu ukatua kwenye kiatu chake. Akautazama. Akatazama ua.

"Naona wametangulia," akasema.

"Babu, mimi..."

"Nimechinja mimi," mama mkwe akadakia kutoka jikoni, bila kusimama. "Kwa jina la Mungu. Kama kuna kosa mnaniambia."

"Hapana mama, kosa hamna," Babu akasema. Akaishusha kanzu yake taratibu, akakirudisha kisu kwenye gazeti. "Umechinja vizuri. Kuleni, Mungu awabariki. Sisi tu ndio hatutakula. Karibu sana Mtwara, mama. Tukuyu kuna baridi, eti?"

"Ipo," mama mkwe akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Babu akaniaga. Kuona mgongo wa mzee yule akirudi nyumbani na kisu kilichonolewa bure, nilitamani nichukue sufuria lote nimwage. Sikumwaga. Nilimbeba mtoto nikaenda kwa Bibi kabla Babu hajamwambia, yaani niliwahi kwa hatua kama tano.

Bibi alikuwa jikoni kwake. Majivu yote alikuwa ameyazoa. Mafiga matatu ameyafagilia, sufuria zimeoshwa na kugeuzwa juu chini, na kuni zimepangwa pembeni. Jiko kweli lilikuwa limepumzika. Nikaanza kulia palepale, mtoto naye kwa kuniona akaanza.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Majogoo, Bibi."

Nikamwambia yote, mpaka ule uongo wa kideri niliokuwa nimeutunga. Bibi akasikiliza, anamfuta ntoto kamasi. Nilipomaliza akauliza, "Mbona mwaka jana hukuja kuniambia?"

Kumbe alijua kwamba najua.

"Mwaka jana nilikuwa sijui kosa ni nini, Bibi. Nilijua baadaye. Nilimwona paka."

"Paka yule hana siri." Akacheka kidogo. "Na mie nilitaka kukwambia. Nikasema, mwana kazaa juzi, nikimtia simanzi maziwa yatakatika. Nikanyamaza. Halafu ukapita mwezi, ukapita mwingine, jambo likawa kubwa kuliko kinywa."

"Ningejua ningepika kingine."

"Wapo wasomi wanasema hivi, wengine wanasema vile, hata cha Nkristo unaweza kula. Mie sikusoma huko. Mie nna nilivyolelewa tu." Akasimama, akachukua sufuria kubwa kutoka kwenye zile zilizogeuzwa, akanipa. "Samaki anachinjwa?"

"Hapana."

"Basi unalia nini? Kesho nenda feri mapema, kabla samaki hawajaisha. Pikia humu. Na chukua na mbuzi yangu, yako ile imekufa meno, utakuna nazi mpaka Pasaka."

Hakuniuliza sufuria langu limewahi kupika nini. Alinipa la kwake, tena kwa namna ya kuonyesha kwamba langu ni dogo. Namshukuru mpaka leo kwa kutouliza, kwa sababu lile langu kwenye Pasaka lilipika kitimoto, nguruwe kabisa, na nisingekuwa na uongo mwingine tena siku ile.

Nikarudi nyumbani, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, mbuzi kwapani. Mama mkwe yuko palepale jikoni, lakini ua kaufagia, hakuna hata unyoya.

"Bibi amesema nini?" akauliza, anatazama pembeni.

"Ameniazima mbuzi."

Akageuka ghafla. "Na huyo atachinjwa na nani?"

Nilitua ile mbuzi ya kukunia nazi mbele yake, kibao na chuma chake. Tukatazamana. Hakucheka, nami nikauzuia mdomo wangu kwa nguvu, maana nilikuwa nimeamua kununa na sikutaka kuharibu.

Krismasi asubuhi mama mkwe kavaa, kajifunga kilemba, anasubiri twende kanisani. Mimi nimeshika ndoo.

"Krismasi nzima humwendei Yesu, unamwendea samaki?"

"Yesu nitaongea naye njiani, Mama. Yeye samaki anawaelewa."

Nikamkodia bajaji yeye na mtoto, mimi nikaenda feri. Huko hakuna aliyejua kama ni Krismasi. Wanawake wameshika beseni, wanaume wanatupa pweza kwenye saruji, matusi na kucheka. Nikapata kolekole mmoja mnene, macho yake bado yanang'aa, nikamkumbatia kama nimeokota mtoto.

Mume wangu alikuwa ametoka zamu, amelala kama gogo. Nikakaa kwenye mbuzi, kwa upande, kama Bibi anavyonicheka, nikakuna nazi nne. Joto la Desemba hapa halielezeki, jikoni ni kuingia ndani ya mdomo wa mtu. Gesi inatoka hapo Madimba, inapanda bomba inakwenda Dar es Salaam, na mimi nimeinama napuliza mkaa, machozi na majivu. Nikatia tui bubu, lile jepesi, kwenye wali wa Kyela ndani ya sufuria la Bibi, na samaki nikamwunga na tui zito, ndimu, pilipili, bizari. Nikaonja. Chumvi sawasawa. Nikasema, Mungu wangu, nimeweza.

Hapo bajaji ikarudi. Mtoto kajichafua mpaka kwenye gauni. Nikamchukua kumwogesha.

Nilivyorudi, mama mkwe alikuwa anakoroga. Tulikuwa tunapitana kama watu wa ofisi mbili. Nikampakua samaki sehemu ya katikati, iliyo bora, pamoja na mchuzi, nikaweka kwenye sinia, nikafunika kawa. Wali nikauacha kwenye sufuria la Bibi, sisi tukabakiza wa sahani tatu. Nikapeleka mwenyewe, kwa safari mbili. Bibi akapokea kwa mikono miwili. Kusimama kumtazama mtu akila ni ushamba, kwa hiyo nikaondoka, ingawa miguu ilikuwa inagoma.

Tukakaa kula. Mume wangu akatia tonge la kwanza, akaacha kutafuna.

"Huyu samaki," akasema, "alikuwa anaishi wapi?"

Nikaonja. Chumvi ilinipiga mpaka masikioni. Nikamgeukia mama mkwe.

"Nilikuta haina chumvi," akasema.

"Nilikuwa nimeshatia!"

"Basi ulitia kidogo. Nami nikaongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akanionyesha kijiko. Ulikuwa ni upawa.

Sijui kama niliwahi kukasirika vile tangu nizaliwe. Sikupiga kelele hata kidogo, ndiyo nilivyo nikifika mwisho. Nilisukuma sahani. Mume wangu akaenda kwenye friji akawatoa majogoo, akapasha moto, akala kwa raha zake, anasema, "Sasa shida iko wapi? Si chakula kipo?" Yale majogoo tuliyala mpaka tarehe ishirini na tisa, na kila siku aliyasifia, na kila siku mama mkwe alisema, "Unaona?"

Lakini mchana ule mimi nilikuwa na jicho moja tu, na lilikuwa jalalani. Nilitoka mara ya kwanza na majivu. Mara ya pili na maganda ya nazi. Mara ya tatu sikuwa na kitu cha kumwaga, nikaenda tu. Kuku wa Bibi walikuwa wanachakura mchanga. Paka alikuwa amelala juu ya ukuta, tumbo limebana, hana habari. Nikajiambia, bado. Wanasubiri giza, kama mwaka jana.

Adhana ya alasiri ilikuwa imetoka muda kidogo nilipomwona Bibi anakuja, sinia kichwani, sufuria mkononi. Anatembea kwa kishindo. Nikasimama. Nikaanza kuandaa uso wa kupokea shukrani.

"We mwanangu."

"Abee, Bibi."

"Hebu niambie. Ile chumvi uliipika na samaki, au samaki ulimpika na chumvi?"

Jicho likanikimbilia jalalani.

"Babu yako kamaliza ntungi. Ntungi nzima! Kaenda nsikitini, sijui kaenda kusali au kunywa maji ya udhu. Na wali umeungua chini. Ukoko nimekwangua nimeula, maana nchele wenyewe ntamu, lakini umeungua. Nilikwambia moto wa wali wa nazi uweke juu ya kifuniko, ulikuwa unasikiliza nini?"

Mama mkwe akatoka ndani kama kasukumwa.

"Mama jirani! Mtu kakuletea chakula cha sikukuu, unakuja kumtolea kasoro mlangoni kwake?"

"Namtolea. Nimekula nikamaliza, nisimtolee?" Bibi akamgeuzia sufuria. Ndani palikuwa pamekwanguliwa mpaka chuma kinang'aa. "Na mwakani ukija, mama, kisu baki nacho. Chumvi ndiyo wakunyang'anye."

Hapo nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kizingitini, mtoto akaja kunishika uso kuona kama nalia. Mume wangu akachungulia dirishani anauliza kuna nini. Mama mkwe akanisemesha kwa ukali, kinachochekesha ni nini wakati unatukanwa? Ningeanzia wapi? Mwaka jana nilisifiwa.

Bibi akanikabidhi sinia, akaondoka akibubujika maneno yake mpaka kwenye kona ya ua. Juu ya sinia alikuwa ameweka korosho, kazikaanga mwenyewe, bado zina moto. Nikatia moja mdomoni. Hazikuwa na chumvi hata chembe.